Pumzi Mkononi mwa Dinah

Mwanaarusi alilibeba tumbo lile misimu mingi ya mpunga kabla hajakubali kulipeleka hospitali. Lilianza kama tumbo la mtu aliyeshiba. Majirani zake wa kando ya mto, kule juu ya Garsen, wakampa hongera ya mimba, naye akaipokea kwa kuwa umri wa kuzaa ulikuwa haujamtoka. Miezi ikapita, mtoto hakutoka, tumbo likazidi kukua. Wengine wakasema mtoto amelala. Wengine wakasema amefungwa na mtu. Mumewe, Omar, alimlimia sehemu yake ya shamba alipoona hawezi tena kuinama. Kufikia mwaka wa hamsini na nane, Mwanaarusi hakuweza kulala chali. Usiku alikaa kitako ameegemea ukuta, maana akijilaza tu tumbo lilimpanda kifuani likamziba pumzi.

Daktari wa hospitali ndogo aliyempokea alikuwa Mgoa, mtu mfupi asiyependa makelele. Alimpapasa, akamgonga tumbo kwa vidole na kusikiliza, kisha akamweleza kwamba humo hamna mtoto. Ni uvimbe uliojaa maji, umeota kando ya nyumba ya uzazi, na unaweza kutolewa. Akampa kitanda, akamwomba angoje. Mashine mpya ya usingizi ilikuwa njiani kutoka Malindi, na mvua ilikuwa imeigeuza barabara ya Tarasaa kuwa tope.

Mashine yenyewe ilipofika haikumshangaza mtu. Ilikuwa chombo cha chuma cha kutilia etha ya usingizi, mpira mrefu wa kupitishia hewa, na mivukuto ya mpira mweusi yenye mikunjo kama kinanda cha mkono. Kabla ya hapo mgonjwa alilazwa kwa kudondoshewa etha kwenye kitambaa puani. Alilala, lakini alipumua mwenyewe, na misuli ya tumbo lake ilibaki imekaza, daktari akawa anapigana nayo. Sasa ilikuwako sindano ya kuilegeza misuli yote. Tumbo lililegea kama unga uliokandwa. Tabu ni kwamba hata misuli ya kupumua ililegea pia. Mgonjwa aliyedungwa sindano ile hakuweza kuvuta hata pumzi moja. Ilibidi atiwe mrija kooni, na mtu asimame kichwani kwake ampumulie kwa mivukuto mpaka dawa imwishe mwilini.

Mtu huyo alikuwa Dinah. Alizaliwa vijiji vya chini ya mto, akasomea uuguzi Mombasa, na huko ndiko alikofundishwa kushika mivukuto. Aliyemfundisha alikuwa mkali. Alimwambia mapafu si mpira wa miguu, ukiyajaza mno yanapasuka na mtu anakufia mkononi. Dinah aliyaweka maneno hayo moyoni, na kila alipofanya mazoezi alibana mivukuto kidogo kidogo, kwa kipimo kimoja, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Mgonjwa wa kwanza wa mashine ile alipaswa kuwa Mwanaarusi. Asubuhi ya siku yake alikuwa amekwisha kuoga na kuvishwa kanzu ya kijani, lori la wafanyabiashara wa ng'ombe lilipoingia uani. Waliteremsha mtu aliyejikunja kama aliyepigwa teke na punda. Alikuwa Mahadi, mhunzi wa Minjila, Muorma, mtu wa makamo. Mkewe, Asli, alikuwa amemshika kichwa. Alieleza kwamba mumewe alikuwa akifua jembe, akaacha nyundo ghafla, akashika chembe cha moyo na kuanguka. Daktari alimgusa tumbo, likawa gumu kama ubao. Kidonda cha tumboni kilikuwa kimetoboka, na uchafu unamwagika ndani. Huyu hakuwa mgonjwa wa kungojea.

Dinah ndiye aliyekwenda kumwambia Mwanaarusi. Aliogopa atakasirika, kwa jinsi alivyokuwa amejikaza moyo kwa siku ile.

"Mpelekeni yeye," Mwanaarusi alisema. "Mimi na tumbo hili tumekwisha kuzoeana."

Basi Mahadi akawa wa kwanza. Alipolala na kulegea, daktari alimtia mrija, akaufunga usichomoke, akampa Dinah ishara. Dinah alibana mivukuto, kifua cha yule mwanamume kikainuka. Aliachia, kikashuka. Mapafu ya mhunzi yalikuwa mazito. Miaka ya moshi wa makaa ilikuwa imeacha alama yake humo. Dinah hakutaka kuyalazimisha. Alimpa pumzi ndogo, laini, zinazofanana, mwanzo hadi mwisho, huku daktari akitafuta tundu, akalishona na kusafisha. Kazi ilikuwa ndefu. Mkono wa Dinah ulikufa ganzi, akabadili mkono bila kuruka pumzi hata moja. Mwishowe Mahadi alianza kuvuta hewa mwenyewe, mrija ukatolewa, akafungua macho. Dinah alitoka nje kumwambia Asli kwamba mumewe yu hai, akaona fahari ambayo hakuwa amewahi kuiona katika kazi yake.

Fahari hiyo ilidumu mpaka kesho yake. Alipoingia wodini alimkuta Mahadi anapumua mbio mbio, kwa juu juu, kama kuku aliyekimbizwa juani. Mwili ulikuwa wa moto. Midomo ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. Tumbo lilikuwa shwari, mshono mkavu. Kilichokuwa kinamkataa ni kifua. Asli alimtazama Dinah bila kumlaumu, na jambo hilo lilimuuma Dinah kuliko lawama.

Daktari alimsikiliza mgonjwa mgongoni kwa muda mrefu. Halafu akampa Dinah vyombo vya kusikilizia. Juu ya mgongo upepo uliingia na kutoka. Chini, karibu na mbavu za mwisho, palikuwa kimya.

Wakati huo Mwanaarusi alikuwa ametoka wodi ya wanawake kuota jua barazani. Mlango wa wodi ya wanaume ulikuwa wazi. Alimwona Mahadi anavyohangaika, akarudi kitandani kwake, akamwita Omar, akamwambia afungue mtumbwi, wanarudi nyumbani. Omar alikwenda kumtafuta Dinah.

Dinah alimkuta ameketi, kanga kichwani, kifurushi chake kimefungwa. Akaanza kumweleza kuhusu mashine, Mwanaarusi akamkatiza kwa upole.

"Mwanangu, yule alikuja hapa analia tumbo. Sasa tumbo limenyamaza, analia pumzi. Mimi pumzi yangu ni hii kidogo unayoiona. Mkiichukua, mtanirudishia kutoka wapi?"

Dinah angeweza kusema la kutuliza, kwani hospitali haikosi maneno kama hayo, lakini mwanamke yule alikuwa amempisha mgonjwa mwingine bila kunung'unika, na Dinah aliona hastahili kudanganywa. Alimwomba angoje kidogo. Akaenda kwa daktari, akamuuliza waziwazi kama ni mkono wake uliomfanya Mahadi awe vile.

Daktari alikuwa ananawa mikono. Alimwambia ajiangalie anavyopumua yeye mwenyewe siku nzima. Mtu akikaa anapumua kidogo kidogo, hajali. Lakini kila baada ya kitambo, bila kujua, anashusha pumzi ndefu. Anapiga miayo. Anacheka, anaita mtu wa mbali. Pumzi zile kubwa ndizo zinazofika chini kabisa kwenye mapafu, kwenye vijumba vidogo vidogo vya hewa, na kuvifungua. Mgonjwa aliyelazwa chali na kulegezwa hashushi pumzi. Uzito wa tumbo unasukuma mapafu kutoka chini, na kama anayempumulia anampa pumzi ndogo tupu, zinazofanana, vijumba vya chini vinafunga kimoja baada ya kingine. Akiamka, mshono unamzuia kuvuta hewa kwa nguvu, makohozi yanakwama, homa inaingia.

"Kwa hiyo nilimpa pumzi kidogo mno," Dinah alisema.

"Ulimpa pumzi iliyomfikisha hapa akiwa hai. Ila mkono wako haukushusha pumzi. Nilikuwa nimeinamia tumbo, wala sikukuambia."

"Mbona sikufundishwa?"

"Hata mimi sikufundishwa, Dinah. Nimeyaona kwa wagonjwa. Na bado sina hakika na yote."

Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba vijumba vilivyofunga vinaweza kufunguka tena, endapo Mahadi ataketi, akavuta hewa kwa kina na kukohoa kabla homa haijageuka kuwa nimonia. Tena afanye mara nyingi, mchana kutwa.

Dinah alirudi kwa Mwanaarusi, akamweleza kila kitu kama alivyokielewa, na sehemu ya mkono wake hakuificha. Mwanaarusi alisikiliza, akafikiri. Akasema hatafungua kifurushi, lakini hataondoka pia. Atatazama kwanza itakavyokuwa kwa yule mwanamume.

Kumbe Mahadi hakutaka. Kila alipoinuliwa alishika mshono na kuomba alazwe. Alisema akikohoa tumbo litapasuka na matumbo yamwagike kitandani. Dresa mmoja, mfunga vidonda wa wodi, alijaribu kumgombeza, akamgeuzia uso ukutani. Alikuwa mtu aliyezoea maumivu ya moto na chuma, lakini maumivu haya ya ndani hakuyajua, na lisilojulikana ndilo linalotisha.

Siku iliyofuata Dinah aliichukua mivukuto chumba cha upasuaji, akaiosha, akaja nayo na kumwekea Mahadi kitandani. Mhunzi aliitazama. Mkono ukaenda wenyewe. Aliibana, akaisikia ikivuta hewa, akabana tena.

"Hii ni ya ngozi gani?"

"Ni mpira. Hii ndiyo iliyokupumulia ulipokuwa umelala. Mimi ndiye niliyeishika."

Mahadi alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mwenziwe wa kazi. Akataka kujua alivyoishika. Dinah akamwonyesha, kidogo, kidogo, kidogo. Akamwambia ukweli kwamba upepo ule haukufika chini, na kwamba sasa kifuani mwake makaa ya juu yanawaka ila ya chini yamezimika.

Mhunzi alibana mivukuto mara nyingine, taratibu.

"Sasa wewe utarudisha mpira tena kooni? Uvuvie mpaka chini?"

"Hapana, baba. Sasa mivukuto ni yako mwenyewe."

Mahadi alimwambia Asli jambo kwa lugha yao. Asli alivua mtandio wake wa juu, akaukunja ukawa kama mto mdogo, akaukandamiza kwenye mshono kwa mikono miwili, huku Dinah akimwinua mabegani. Mahadi alivuta hewa. Ilifika mahali ikakatika, jasho likamtoka. Akavuta tena. Mara ya tatu au ya nne kikohozi kilimjia, naye hakukizuia. Alilia kwa sauti, bila haya, mtu mzima yule, na kikohozi kikatoa tonge la kohozi zito jeusi kama masizi. Mshono ulibaki ulivyokuwa. Akakaa anahema, akijishangaa.

Toka hapo Asli hakumhurumia. Kila kivuli cha nguzo ya baraza kiliposogea kidogo alikuja na mtandio wake, akakandamiza, akamwamuru avute. Mahadi alipolalamika kwamba ameoa askari, alimjibu kwamba askari angekwisha kuchoka. Homa ilishuka. Midomo ikarudia weusi wake mzuri. Dinah alimsikiliza mgongoni, akasikia chini kabisa, mahali palipokuwa kimya, kitu kama majani makavu yanakanyagwa. Kesho yake majani yakawa upepo.

Mwanaarusi aliyaona yote kutoka barazani. Mahadi alipoweza kutembea hadi kwenye benchi la nje, yeye alikuja akaketi upande wa pili, wakaamkiana. Walikuwa watu wa pande mbili, wa ng'ombe na wa mashamba, ambao kwa kawaida hukutana kugombania njia ya maji. Alimuuliza kama inauma.

"Inauma," Mahadi alisema. "Sitakuambia fanya, sitakuambia acha. Pumzi ilikwenda, nikaogopa. Nikaitafuta, ikarudi. Hayo ndiyo najua."

Mwanaarusi alimshukuru. Jioni ile alifungua kifurushi chake, akamwita Dinah akae naye kitandani.

"Nionyeshe utakavyonipumulia."

Dinah aliweka kiganja cha yule mama juu ya mbavu zake mwenyewe. Akapumua kama mtu aliyetulia, kidogo, kidogo, kwa kitambo. Kisha akavuta pumzi ndefu mpaka mbavu zikapanuka chini ya kiganja, akaishikilia kidogo, akaiachia yote. Mwanaarusi aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

"Mungu akipenda," alisema.

Tabu ya Mwanaarusi haikuwa ile ya Mahadi. Huyu hakuweza hata kulala chali. Daktari aliinua kichwa cha meza na kumwegemeza kidogo ubavu wa kushoto, usingizi ukaanza akiwa amekaa nusu. Sindano ya kulegeza ilipoingia, Dinah alibana mivukuto, ikamkatalia. Uzito wa tumbo ulikuwa umesimama mlangoni. Kifua hakikuinuka. Sauti ya yule mwalimu mkali ikamrudia Dinah: yatapasuka, mtu atakufia mkononi. Daktari alikuwa ameshika kisu, anamtazama.

"Polepole," alisema, "lakini usimwogope."

Dinah alibana kwa mikono miwili, si kwa kushtua, bali kwa kusukuma kama mtu anayefungua mlango uliozuiwa na gunia. Kifua kikainuka. Akaachia. Akabana tena. Gladys, muuguzi mdogo aliyekuwa akishika mapigo ya moyo mkononi mwa mgonjwa, alisema mapigo ni mazuri.

Daktari alipasua. Hakuutoa uvimbe wote kwa mara moja. Aliutoboa kwanza, akaacha maji yatoke taratibu kwa mrija hadi kwenye ndoo, ili mwili usishtuke. Ndoo ikajaa, ikaletwa nyingine. Na Dinah, aliyekuwa haoni tumbo kutoka pale kichwani, alijua yote kwa mikono. Kila maji yalipopungua mivukuto ilikuwa nyepesi zaidi. Mapafu yaliyokuwa yamekunjwa kwa miaka yalikuwa yanashuka mahali pake, pumzi kwa pumzi, naye alikuwa wa kwanza kulihisi hilo, kabla ya daktari, kabla ya Mwanaarusi mwenyewe. Machozi yalimjia. Hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Kila baada ya kitambo alisema, "Namshushia pumzi." Daktari aliinua mikono yake kutoka kwenye jeraha. Dinah alimjaza yule mama pumzi ndefu mpaka kifua kikapanuka chote, akashikilia, akaachia, kazi ikaendelea. Mwisho kabisa, kabla mrija haujatoka, alimjaza tena mara kadhaa. Halafu akaacha mkono wazi juu ya mivukuto, akangoja.

Palikuwa na kimya kidogo ambacho hatakisahau. Kisha mikunjo ya mpira ikajisogeza yenyewe. Mwanaarusi alikuwa anavuta.

Aliamka mchana. Jambo la kwanza alilofanya ni kushusha mkono tumboni, akakuta bandeji na bonde. Asli, ambaye hakuna aliyemwita, alikuwa amekwisha kusimama kando ya kitanda na mtandio wake uliokunjwa. Mwanaarusi alitaka kujinyoosha chali, Dinah akamkataza, akamweka mito mgongoni, akamwambia avute hewa na kukohoa.

"Miaka yote nimelala nimeketi," Mwanaarusi alinong'ona, "leo naweza kulala kama watu, mnaniambia niketi."

Lakini alivuta. Iliuma, akavuta tena, akakohoa kwa nguvu. Kesho yake Dinah alimsikiliza mgongoni, juu na chini, kulia na kushoto, akakuta upepo kila mahali. Alimwita Gladys naye asikilize. Gladys aliuliza mtu atajuaje pumzi ndefu imetosha na haijazidi. Dinah alimwambia kwamba yeye mwenyewe anajifunza bado, ila atazame kifua wala asitazame mkono, na siku ya mgonjwa mwingine watasimama kichwani pamoja.

Mahadi na Asli walivuka kivuko kurudi Minjila kabla ya Mwanaarusi kuruhusiwa. Mhunzi aliambiwa asishike nyundo nzito mpaka apone kabisa, na Asli akaitikia kwa niaba yake.

Mwanaarusi aliondoka asubuhi moja, mto ukiwa umepungua. Alitembea mwenyewe hadi ukingoni, Dinah ubavuni mwake, akapanda mtumbwini bila kushikwa mkono. Nguo zilimpwaya, alikuwa amejifunga kanga mara mbili. Omar alishika upondo wa kusukumia, akausimika matopeni. Mwanaarusi akamwambia amwachie yeye, maana mara ya mwisho alipouvusha mtumbwi ule kwa mikono yake hata hakumbuki ni lini. Omar akakataa. Akasisitiza, Omar akakataa tena, wakaondoka hivyo wanabishana, na Dinah aliyesimama ukingoni aliendelea kuisikia sauti ya yule mama ikipanda na mto, haikatiki, haihemi.